Sura ya Sita: Kitabu Kigeuzwe Uso

Maktaba nyingi za shule zetu za msingi, Tanzania na hata Kenya, hupambwa mara moja tu: siku chache kabla ya kuja mgeni rasmi. Fundi rangi huitwa, twiga akachorwa ukutani ameshika kitabu, bango la manila la kusifia elimu likabandikwa juu ya mlango, na vitabu vikafutwa vumbi na kusimamishwa wima kwenye rafu, vimebanana. Mgeni hupiga picha, husaini kitabu cha wageni na kwenda zake. Ukirudi mwaka unaofuata utamkuta twiga, utalikuta bango, na vitabu utavikuta vyote, vingine bado vinanukia wino. Mwalimu mkuu atakwambia kwa fahari kwamba hakijapotea hata kimoja. Fahari hiyo ndiyo ninayotaka kuijadili. Ninachodai ni kwamba kupamba maktaba na kuonyesha vitabu ni kazi mbili tofauti, na kwamba sisi hufanya ya kwanza tukidhani tumefanya ya pili. Mapambo hupimwa kwa jinsi yanavyodumu. Onyesho la vitabu hupimwa kwa jinsi linavyopungua: asubuhi meza imejaa, mchana ina mapengo, na kila pengo ni kitabu kilichoko mikononi mwa mtoto. Na kwa kuwa mtoto wa miaka saba hachukui kitabu kwa kukiona tu, shughuli za kusoma zinazofanyika kandokando ya meza hiyo ni nusu ya pili ya onyesho lenyewe.

Tuanze na jambo dogo ambalo wengi hawalitazami: mgongo wa kitabu. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa madarasa ya chini mara nyingi ni vyembamba, kurasa 16 au 24, vimebanwa kwa pini mbili katikati. Havina mgongo wa kuandikia jina. Ukivisimamisha wima kwenye rafu, anachokiona mtoto ni mistari myeupe ya karatasi na pini zilizoanza kushika kutu. Jalada ambalo mchoraji alihangaika nalo, lenye samaki wa buluu au bibi anayekimbizwa na kuku, limefichwa kabisa. Mtu mzima anayejua anachokitafuta atavuta kimoja kimoja mpaka akipate. Mtoto ambaye bado anaunganisha silabi hajui anachokitafuta, na hakuna kitu pale cha kumwambia. Atavuta kimoja, atakirudisha vibaya, ataambiwa aache kuchafua rafu, na huo utakuwa mwisho wa ziara yake. Hata mpangilio wa kitaalamu wa namba, unaofaa sana chuoni, humfaa mtoto wa darasa la pili kidogo mno. Wengi wanaosoma kwa shida huchagua kwa macho: kwa picha, kwa rangi, kwa unene wa kitabu, na kwa kuona mwenzao amekishika nini.

Hili halikugunduliwa jana. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras nchini India, alipotoa kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, mojawapo ilidai kila kitabu kipatiwe msomaji wake. Yaani kazi ya kumtafuta msomaji aliiweka upande wa maktaba, hakumwachia msomaji ahangaike peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Herbert Goldhor aliijaribu fikra hiyo kwa namna rahisi: alichagua vitabu, akaviweka mahali pa wazi katika maktaba ya mji mmoja wa Illinois, huku vitabu hivyo hivyo vikiachwa rafuni katika maktaba ya mji jirani. Vilivyokuwa mahali pa wazi viliazimwa zaidi sana. Wale walikuwa watu wazima wanaosoma bila taabu. Kama wao huchukua kilicho mbele ya macho, tusitarajie zaidi kwa mtoto. Na kwa watoto ushahidi upo. Mwaka 1982 Lesley Morrow na Carol Weinstein walichapisha utafiti wao kuhusu madarasa ya chekechea ya Marekani, ambako kona ya vitabu ilipangwa upya, ikawekewa mahali pa kukaa na majalada yakaonekana, na walimu wakaongeza shughuli za hadithi. Wakati wa kucheza watakavyo, watoto wale walivifuata vitabu zaidi kuliko awali. Hakuna aliyewalazimisha.

Msomaji makini atanisimamisha hapa. Atasema: kuvutia watoto kwenye vitabu ni jambo moja, kuwafundisha kusoma ni jingine. Tena atakuwa na karatasi mkononi. Mwaka 2012 watafiti wa uchumi Borkum, He na Linden walitoa matokeo ya jaribio kubwa la maktaba za shule katika jimbo la Karnataka, India. Shule zilizopata maktaba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikalinganishwa na zisizopata, na baada ya miezi 16 wanafunzi walipimwa lugha. Tofauti haikuonekana. Pale ambapo vitabu vililetwa na mkutubi wa kuzunguka, matokeo yalielekea hata kuwa mabaya. Ni ushahidi mzito, na anayependa maktaba hana haki ya kuufunika. Lakini usomwe pamoja na mwingine uliotoka mwaka 2014, ambamo Linden yuleyule, safari hii na Abeberese na Kumler, alipima programu ya Ufilipino iitwayo Sa Aklat Sisikat katika shule 100 za mkoa wa Tarlac. Kule madarasa ya nne yalipewa vitabu vya hadithi, walimu wao wakafundishwa namna ya kuvitumia, na kwa siku 31 kila darasa likawa na saa ya kusoma, yenye michezo na mazungumzo kuhusu kilichosomwa. Uwezo wa kusoma ulipanda, na watoto wakasoma zaidi hata nje ya shule. Miezi mitatu baada ya zile siku 31, takribani nusu ya faida ile ilikuwa imeyeyuka.

Ninavyouelewa mimi, ushahidi huu wa pande mbili hausemi kwamba maktaba ni bure. Unasema kwamba chumba chenye vitabu, hata kikiwa na mkutubi, hakifanyi kazi kikiwa pembeni ya siku ya shule. Kinafanya kazi pale mwalimu wa darasa, anayewajua watoto kwa majina, anapokiingiza katika ratiba kila siku. Na akiacha, faida inaanza kupukutika. Matokeo ya Fiji yanaelekea huko huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila shule katika shule za vijijini ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya pili. Katika baadhi ya madarasa mwalimu alisoma pamoja na watoto, katika mengine watoto walisoma kimya kila siku, na mengine yaliendelea na masomo ya kawaida ili yalinganishwe nayo. Katika miezi minane waliopata vitabu walisonga mbele katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya kawaida. Kwa mtoto wa Sumbawanga au Kisii, ambaye shuleni hukutana na lugha isiyo ya nyumbani kwao, mfano huo uko karibu kuliko mifano mingi ya Ulaya.

Basi meza ya maonyesho iwekwe nini? Kwanza, kidogo. Vitabu kumi au kumi na viwili, majalada yote yakitazama juu au mbele, vinatosha chumba kizima. Muuza nyanya wa sokoni hamwagi tenga lote chini; hupanga mafungu, nyanya nzuri juu, na fungu likiondoka analijaza jingine. Kubadilisha ndiyo kazi yenyewe. Kitabu kilichokaa mezani wiki mbili bila kuguswa kirudishwe rafuni bila huruma, kije kingine. Pili, vitabu vya meza moja viwe na jambo linalovikutanisha, na jambo hilo liwe la watoto. Mabango yetu hupenda maneno makubwa kuhusu ufunguo wa maisha na taifa la kesho, nayo hayajawahi kumfanya mtoto afungue ukurasa. Swali humfanya. Mvua za masika zinapoanza, kikaratasi kiulize: chura hukaa wapi wakati wa kiangazi? Kando yake kikae kitabu cha wanyama, hadithi yenye chura ndani yake, na kitabu cha sayansi cha mtaala wa zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kukitupa. Wiki ya mechi ya watani wa jadi, meza ijae chochote kinachohusu mpira, hata kurasa za michezo za gazeti la juzi.

Bora zaidi ni ubao wa vitendawili, kwa sababu watoto wetu wanaujua mchezo huo kabla hawajaijua shule. Andika kwa herufi kubwa: nyumba yangu haina mlango. Chini yake usiandike jibu. Andika kwamba jibu limo katika kitabu chenye jalada la kijani, ukurasa wa 9, na hakikisha kweli kuna yai ukurasa huo. Mtoto anayelijua jibu atakwenda kuthibitisha. Asiyelijua atakwenda kuiba. Wote wawili watakuwa wamefungua kitabu, wametafuta namba ya ukurasa na kusoma mistari miwili mitatu kwa sababu zao wenyewe. Hilo ni zoezi la kusoma kwa kutafuta habari, ambalo mitihani hulipima na ambalo wengi huanza kulifanya darasa la tano kwa kuchapwa viboko. Ubao huo unagharimu chaki.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, kwa sababu havijawahi kuwa tatizo. Kamba ya katani iliyofungwa kutoka dirisha hadi dirisha na vibanio vya nguo hubeba vitabu vyembamba vizuri. Boksi la karatasi likikatwa mshazari huwa kishikizo cha jalada. Gundi hupikwa kwa unga wa muhogo. Kinachokosewa ni kimo: kamba hufungwa usawa wa macho ya mwalimu, na mtoto wa darasa la kwanza akabaki akitazama vitabu kwa chini kama nguo za dukani asizoruhusiwa kugusa. Ifungwe usawa wa kifua chake. Shirika la Room to Read, lililoanzia Nepal mwaka 2000 na sasa linafanya kazi Tanzania pia, limeizoesha mikono ya walimu mambo matatu yanayostahili kuigwa hata na shule zisizo na mfadhili: rafu fupi, mikeka sakafuni, na rangi ya kubandika kwenye jalada inayoonyesha ugumu wa kitabu, ili mtoto ajue aanzie wapi bila kuuliza na kuaibika. Na huko Garissa, ambako huduma ya taifa ya maktaba ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia tangu 1996, hakuna jengo la kupamba. Kuna masanduku, hema na mikeka, na kinachobaki kuwavutia watoto ni vitabu vyenyewe.

Uhaba wa vitabu vya Kiswahili ni kweli, na pingamizi la kwamba huwezi kuonyesha usichokuwa nacho halina utani. Ila uhaba huo huo unaongeza sababu ya kuonyesha. Shule yenye vitabu 60 haina anasa ya kuacha 50 vilale. Vilevile milango ya kupata vingine imeongezeka: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 umezaa hadithi nyingi zilizoandikwa na kuchorwa na watu wa hapa hapa, na African Storybook ya Afrika Kusini imeweka kwenye intaneti hadithi za lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo mwalimu anaruhusiwa kuzichapa bure. Na kuna vitabu vya watoto wenyewe. Hadithi aliyoisimulia bibi, ikaandikwa na darasa la nne kwenye karatasi zilizoshonwa kwa uzi, ikapewa jalada la manila na jina la mwandishi, iwekwe meza moja na vitabu vya dukani. Itagombaniwa, kwa kuwa wasomaji wanamjua mwandishi.

Meza ikishapangwa, lazima sauti ije. Shughuli moja inazishinda nyingine zote kwa faida ukilinganisha na gharama yake, nayo ni mtu mzima kuwasomea watoto kwa sauti, kila siku, dakika kumi. Wapo wanaosema sisi ni watu wa masimulizi, kusoma si jadi yetu, na kwamba kuwakalisha watoto mbele ya kitabu ni kuiga wageni. Nadhani wanaushika mkia badala ya kichwa. Jamii iliyozoea paukwa na pakawa imeshamfundisha mtoto kazi ngumu kuliko zote za msomaji: kungoja, kukisia kitakachofuata, kumchukia mjanja na bado kumshangilia, kama anavyofanya kila asikiapo visa vya Abunuwasi au Sungura. Anachokikosa ni kuona kwamba raha ile ile imo ndani ya karatasi. Msomaji mzuri wa darasani husoma kitabu akikiinua, kidole kikifuata mstari, akiuliza fisi atafanya nini sasa. Kisha, fisi akiwa amenyanyua mguu kuingia shimoni, anafunga kitabu na kukiweka mezani. Anaacha kiporo makusudi. Mapumzikoni kitabu hicho hakitakuwepo.

Lakini darasa lina watoto 90, utaniambia, na walio nyuma hawaoni picha. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2003 Kenya na 2016 Tanzania, hilo ni swali la kila siku. Jibu langu ni kwamba si lazima wote wasomewe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wanafunzi wa darasa la sita, wakichaguliwa kumi na kupewa siku mbili za kujizoeza kitabu kimoja, wanaweza kuwasomea wadogo tisa tisa chini ya miti. Aliye dhaifu katika hao wa darasa la sita apewe kitabu cha darasa la pili bila kufedheheka, maana anakisoma kwa ajili ya wadogo zake. Huo ni ujanja wa halali na unamsaidia yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Tathmini za mpango uitwao Uwezo mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa hiyo anayesema hakuna muda wa hadithi kwa sababu ya mtihani wa darasa la saba ajiulize mtihani huo utasomwa na nani.

Kuna njia ya mkato ambayo shule na wafadhili huipenda, na mimi siiamini: zawadi. Atakayesoma vitabu vingi zaidi mwezi huu atapata daftari, begi, au cheti kilichosainiwa na afisa elimu. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio lao lililofanyika katika shule ya awali Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi waliahidiwa cheti chenye utepe ili wachore. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipoletwa tena bila ahadi yoyote, watoto hao walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kusoma kukigeuzwa kibarua, mtoto atafanya kile ambacho kibarua yeyote mwenye akili hufanya: atachagua vitabu vyembamba, atafunua kurasa upesi, atadai malipo. Kama lazima atuzwe, atuzwe kwa kusikilizwa. Kipande cha karatasi chenye jina lake na sentensi yake moja, kikiingizwa ndani ya jalada, kinamwambia msomaji anayefuata kwamba huyu wa mkondo B alicheka mpaka ukurasa wa mwisho. Ushauri wa mwenzake una nguvu kuliko wa mwalimu, na hilo halipaswi kumuudhi mwalimu.

Pingamizi zito nimeliacha nyuma makusudi: vitabu vitachanika, vitaibwa, na atakayeulizwa ni mwalimu. Nani atamlaumu anayefunga kabati? Nchini Sierra Leone, Sabarwal, Evans na Marshak walichunguza vitabu vya kiada vilivyogawiwa shuleni bila kuinua ufaulu, na wakaeleza katika ripoti yao ya mwaka 2014 kwamba sehemu kubwa ya vitabu ilikuwa imehifadhiwa stoo. Wakuu wa shule hawakuwa wavivu. Hawakuwa na hakika kama vitakuja vingine, kwa hiyo waliviweka akiba. Ni hesabu ya mtu mwenye busara aliyewekewa kanuni mbaya, na kanuni hizo tunazo. Ukaguzi unaomhoji mwalimu kitabu kimoja kilichopotea, lakini usiomhoji vitabu 200 visivyofunguliwa, unamfundisha kufunga. Ndiyo maana naona dawa ianzie juu: kamati ya shule na mkaguzi wakubaliane kwa maandishi kwamba kila mwaka idadi fulani ya vitabu itachakaa kwa kutumika, na kwamba kilichochakaa kihesabiwe kimefanya kazi. Chini, darasani, Ijumaa moja kwa mwezi iwe ya ukarabati: watoto wenye gundi, uzi na vipande vya kadibodi. Aliyeshona kitabu kwa mkono wake hakichani hovyo, na anamkemea anayekichana.

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya ukiwa na funguo mfukoni, usingoje rangi ya ukuta wala mfadhili. Jumatatu toa vitabu kumi na viwili, vigeuze uso, vipange kwenye dawati kando ya mlango wa darasa la pili, na weka daftari la kuazimia lenye safu tatu: jina, kitabu, tarehe. Wasomee kurasa nne za kimoja kisha ukiache hapo. Ijumaa hesabu vilivyobaki. Mkaguzi akija akakuta dawati tupu, mpe lile daftari asome.